Dawa Niliyompelekea Bwire

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka. Nimeketi ukingoni mwa kitanda. Nimetikisa, nimebonyeza, nimevuta taratibu, nimezuia pumzi. Mara ya pili vivyo hivyo. Kisha kusukutua mdomo. Hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza kila asubuhi. Baba Yetu hufuata baadaye, kifua kikishafunguka.

Kopo la dawa yangu ya pumu limekuwa jepesi. Nililichomoa kwenye plastiki yake nikalitumbukiza katika bakuli la maji. Likaelea kiubavu. Linakaribia kwisha.

Malori yamepanga foleni kutoka mpakani mpaka hapa kwetu na kupita. Madereva hawazimi injini. Ajiambo, binti yangu, amefunga madirisha ya chumba changu, lakini gesti ni yake na wageni wake ni hao hao madereva. Moshi wao ndio unaotulisha. Siwezi kulalamika sana.

Alikwenda Busia kuninunulia inhela mbili kama kawaida, moja yangu na moja ya Bwire. Amerudi na mfuko mtupu. Kampuni imeacha kuitengeneza. Si kwamba imeisha dukani. Imeachwa kabisa. Nikamwambia aulize maduka mengine.

"Baba, nimeuliza yote. Hata lile la dawa za ng'ombe."

Nilicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, naye akaja kunishika mgongo.

Jumatano, 5 Machi

Sijalala vizuri. Si kwa ugonjwa. Kwa mawazo.

Bwire ni mdogo wangu. Katika watoto wote wa mama yetu, pumu ilituchagua sisi wawili. Mimi nilisoma, nikafundisha, nikastaafu, nikahamia hapa Malaba mke wangu alipofariki. Yeye alibaki Namboboto na muhogo wake. Hapendi madaktari. Dawa waliyonipa mimi ndiyo anayotumia yeye. Nilimfundisha mwenyewe, tumekaa kwenye nyasi mbele ya nyumba yake: tikisa, bonyeza, vuta polepole kama unakunywa uji wa moto. Alishika siku ile ile na hakusahau tena. Nimefundisha mamia ya watoto. Hakuna aliyeshika somo kama Bwire.

Ile ya bluu, ya dharura, inapatikana kila duka. Lakini bila hii ya asubuhi na jioni, ya bluu haitoshi. Inakufungua kidogo, kisha unabanwa tena. Tunajua sote wawili.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimevuka ng'ambo. Ajiambo hakutaka. Mwendesha boda boda alinipeleka hadi kwenye kizuizi cha mpaka, nikatembea polepole kati ya malori nikiwa nimeziba pua kwa leso. Nilipumzika kila penye kivuli. Mchuuzi mmoja wa karanga alinipa kiti chake bila kuulizwa.

Maduka ya dawa ya upande wa Uganda ni mengi. Karibu wauzaji wote walitikisa kichwa. Katika duka dogo karibu na maegesho, mama mwenye duka alipanda kiti, akapekua rafu ya juu nyuma ya dawa za watoto za minyoo, akateremsha boksi lenye vumbi.

"Sebo," akaniita kwa heshima ya kwao, "una bahati. Ni hii moja. Ikiisha, usirudi kunisumbua."

Tarehe yake bado. Nilitaka kumbusu mkono.

Nikarudi nayo mfukoni, nimeishika njia nzima. Moja. Sisi ni wawili.

Jumamosi, 8 Machi

Busia, kliniki. Daktari ameusikiliza moyo wangu kwa muda mrefu kuliko kifua. Miguu imevimba. Anasema moyo umechoka, na mapafu ya mzee wa umri wangu hayarudi kama zamani. Hakutaja muda. Nami sikumwuliza. Ajiambo aliuliza, nje, akidhani sisikii. Daktari alimjibu kwa sauti ya chini, na binti yangu akarudi ndani akitabasamu sana. Basi nikajua.

Kuhusu dawa, ameniandikia mpya. Kidubwasha cha duara, bapa, hakina kopo wala upepo. Ndani ni unga. Mfamasia, binti mdogo mwenye miwani, alinifungulia, akavuta kiwashio cha pembeni kinachoteremsha dozi, kikalia "tik," akanipa.

Nikaitikisa. Mkono wenyewe ulitikisa.

"Aa-aa, mzee! Hii hatutingishi. Ukitingisha unamwaga. Ona." Akanionyesha suruali yangu. Pana vumbi jeupe pajani. "Na usivute polepole. Vuta kwa nguvu, mara moja, kama mtu ametoka majini. Rudia."

Nilikosea tena. Nilivuta taratibu.

"Mwalimu amefeli," akasema, na foleni nzima ikacheka. Hakuniachia niende mpaka nilipopata. Dawa ni ile ile, alisema, na wengi wanaendelea vizuri. Ila kwanza mtu afundishwe.

Naandika haya ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilifundishwa. Nilikosea. Nikasahihishwa. Nilijua.

Jumapili, 9 Machi

Bwire amepiga simu baada ya kanisa, kama kila Jumapili.

"Mwalimu, pumzi iko?"

"Iko. Nikukopeshe?"

"Kopesha, lakini mimi huwa silipi."

Tumesalimiana hivyo tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Akaniuliza dawa itafika lini. Yake imebaki kidogo. Nikasema wiki hii.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeketi nazo mbili mezani. Ya zamani iliyotoka ng'ambo. Mpya ya unga.

Ya zamani ingemfaa Bwire. Anaijua. Mpya ingenifaa mimi, maana mimi ndiye niliyefundishwa. Mtoto wa darasa la kwanza angezigawa sawasawa.

Nimemtumia Bwire ile mpya. Niliitoa kwenye boksi ili asione jina limebadilika, nikaizungushia gazeti, nikampa dereva anayekwenda Funyula, jirani na kwa Bwire. Nikampigia: kampuni imebadilisha umbo tu, ni ile ile.

Ningemweleza namna ya kuitumia, angeuliza kwa nini imebadilika. Ningemwambia ya zamani imekwisha, angeuliza, wewe unatumia gani? Bwire huuliza. Ndiyo maana sikumweleza chochote.

Niliogopa. Mapafu yangu yanajua ile ya zamani. Sikutaka kujaribu kitu kipya na siku zilizobaki. Mzee mwenye moyo uliochoka, bado anang'ang'ania.

Nitamweleza Jumapili.

Jumapili, 16 Machi

"Mwalimu, pumzi iko?"

"Iko. Nikukopeshe?"

"Hii dawa yako mpya haina upepo. Kiwashio nimekigundua mwenyewe, kinalia, lakini navuta, sisikii kitu. Haina hata ule uchungu kwenye ulimi."

Hapo ndipo pa kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa.

"Utaizoea," nikasema.

Akacheka. Kasema labda wazungu wamechoka kutia dawa ndani. Kisha tukaongea habari za mahindi. Mvua imeanza Namboboto.

Jumatano, 19 Machi

Kifua changu kizuri. Nimekula vizuri. Nimetembea hadi dukani na kurudi. Ajiambo amefurahi. Amewaambia madereva wake wawili, "Baba amekuwa kijana."

Najichukia.

Jumapili, 23 Machi

Alichelewa kupiga. Alipopiga, hakuanza na utani wetu. Alianza na kikohozi. Taaka, mke wake, alikuwa akisema kitu nyuma yake, nafikiri alimwambia akae chini.

Anatumia ile ya bluu mara nyingi sasa. Anasema hewa ya mwaka huu ina maua mengi. Nikasema kweli, maua ni mengi.

Ningesema maneno manne. Usitikise. Vuta kwa nguvu. Hata manne ni mengi, moja lingetosha.

Jumatano, 26 Machi

Nilivaa viatu niende Namboboto. Nimwonyeshe mwenyewe kwa mikono yangu, kisha nimpe hata ya zamani, akitaka. Ajiambo akauliza naenda wapi na mvua hii. Nikavua viatu.

Kuilaumu mvua ni rahisi. Nimeilaumu mchana kutwa.

Jumapili, 30 Machi

Leo nilipiga mimi. Sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu anayepanda kilima, na alikuwa amekaa kitandani.

"Mwalimu. Nakuomba. Kama una ile ya zamani, hata imebaki kidogo. Nipelekee."

Ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Niliigusa nikimjibu.

"Sina, ndugu yangu. Nenda hospitali."

"Hospitali sasa wananijua mimi ni nani?" Akajaribu kucheka. "Haya. Pumzi iko?"

Nikasema iko. Sikumuuliza kama nimkopeshe.

Nimempigia Taaka baadaye nikamsihi ampeleke hospitali. Anasema amemsihi wiki nzima. Bwire anamwambia atapona, dawa ya Mwalimu huchelewa tu kushika.

Alhamisi, 3 Aprili

Bwire amefariki.

Alfajiri, wakimtafutia gari.

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 4 Aprili

Namboboto. Ajiambo amenileta. Nimelazwa katika chumba cha mbele. Mwili uko mochari.

Watu wamejaa. Moto wa matanga umewashwa uani, magogo makubwa, na utawaka mpaka baada ya mazishi. Mimi ndiye mkubwa wake. Mahali pangu ni mbele ya moto huo, pamoja na wazee. Walinipa kiti upande ambao upepo unapeleka moshi kwingine. Upepo ukageuka. Sikuhama. Nilikohoa mpaka machozi yakatoka, watu wakadhani nalia, na wengine wakalia pamoja nami. Kwa kweli nilikuwa nalia.

Kisha nikafanya kitu ambacho sitakisahau kwa muda uliobaki. Nilikwenda nyuma ya jikoni, nikatoa ile ya zamani, nikatikisa, nikabonyeza, nikavuta. Kwenye matanga yake. Kifua kikafunguka.

Jumapili, 6 Aprili

Koti lake jeusi lililetwa nje pamoja na nguo nyingine, ili ichaguliwe ya kumzikia. Lile koti zito alilovaa hata jua likiwaka. Dada yetu Nafula alilishika kwenye mwanga.

"Hebu oneni. Huu ni unga gani?"

Kifuani na mapajani, ndani ya mishono, pana weupe. Laini kuliko unga wa muhogo. Nafula aliugusa kwa kidole, akanusa.

"Si muhogo huu. Si wa mahindi." Akamgeukia Taaka. "Mke wetu, ulikuwa unampikia nini ndugu yetu?"

Taaka alisema ni muhogo, nyumba nzima ni muhogo, itakuwa nini tena? Nafula akakunja koti polepole mno. Wanawake wengine wakatazamana.

Niliujua weupe ule mara moja. Nimeupangusa kwenye suruali yangu mwenyewe.

Kila asubuhi aliamka, akaketi ukingoni mwa kitanda akiwa na koti, akaitikisa vizuri kama nilivyomfundisha. Akajimwagia dawa yake yote kifuani. Kisha akavuta hewa tupu, polepole, kama anakunywa uji wa moto.

Hakukosea hata hatua moja ya somo langu.

Jumatano, 9 Aprili

Maneno yamesambaa. Nafula hasemi waziwazi, anauliza tu. Kwa nini Taaka hakumpeleka hospitali mapema? Kwa nini yeye mwenyewe hakohoi, wakati wanakula sufuria moja? Kwa nini koti lina kitu cheupe? Kuna mpwa wetu amesema wazi: sumu. Wanaume wawili walizungumzia mashamba, nani atalima upande wa bondeni ikiwa "huyu mama atarudi kwao."

Taaka ameacha kula mbele za watu. Anahofia wataona jinsi anavyoshika chakula.

Leo ameniletea chai mimi mwenyewe. Akaionja kwanza mbele yangu, kisha akanipa. Akaniangalia usoni.

"Mwalimu, wewe umesoma. Waambie."

Nikasema nitawaambia. Nikanywa chai. Sikuwaambia.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumemzika.

Kwetu ndugu mkubwa ndiye husimama kueleza ugonjwa wa marehemu, ulivyoanza na ulivyomwishia, ili watu wote wasikie mara moja. Nilishikwa mikono miwili nikasimamishwa. Nikapewa kipaza sauti. Nilimwona Taaka ameinua kichwa, kwa mara ya kwanza wiki nzima. Alikuwa akinisubiri.

Nilisema Bwire aliugua pumu tangu utoto. Nilisema dawa tulizozoea zimekoma kutengenezwa. Nilisema siku yake ilikuwa imefika. Nilisema Kiswahili kizuri sana. Watu walipiga makofi kidogo, kwa heshima.

Taaka akainamisha kichwa tena.

Mchungaji amesema nimetoa faraja kubwa.

Jumapili, 13 Aprili

Ajiambo anataka kunirudisha Malaba. Midomo yangu ina rangi ya buluu. Nimekataa. Keshokutwa ni siku ya kunyoa. Siku hiyo ukoo huketi, wafiwa hunyolewa nywele, nguo za marehemu hugawiwa, na mwenye neno lolote juu yake hulisema. Baada ya siku hiyo neno haliruhusiwi tena.

Mzee Egesa, binamu ya baba yetu, ndiye ataongoza. Nafula amemwomba nafasi ya kuzungumza. Najua atazungumza nini.

Nimemwomba Taaka ile dawa. Alikwenda akaileta, imefungwa bado kwenye gazeti nililoizungushia. Akasema, "Itasaidia nini sasa?"

Jumanne, 15 Aprili

Naandika polepole.

Tulikaa uani. Majivu ya moto bado yana joto. Mjane na watoto wamenyolewa. Mzee Egesa alisimama na fimbo yake: "Mwenye neno na Bwire aliseme leo. Kesho msinijie nyumbani na minong'ono."

Nafula alikuwa keshasimama. Nikamwambia, "Kaa, dada. Mkubwa wako anaanza."

"Anza, basi," akasema. "Lakini isiwe hotuba tena."

Nikazungumza nimekaa. Niliomba koti liletwe, nikalitandaza magotini. Nikaifungua ile dawa. Nikavuta kiwashio. Tik. Nikaitikisa juu ya koti, kama Bwire alivyokuwa akifanya, kama nilivyomfundisha.

Weupe ukaanguka. Kidogo sana. Jua lilikuwa linauangaza.

Nikavuta tena kiwashio na kutikisa tena, ili hata wa nyuma waone. Nikamwambia Nafula aje aulinganishe na ule wa kwenye mishono. Alikuja. Akapiga magoti, akaangalia, akaugusa kwa kidole.

Kisha nikawaambia. Kwamba hii haitikiswi. Kwamba nilijua, kwa sababu nilifundishwa. Kwamba kulikuwa na moja ya zamani na nikajiwekea mimi. Kwamba nilimwambia ni ile ile. Kwamba aliniomba Jumapili ya mwisho, nikasema sina, na nilikuwa nayo mfukoni. Kwamba Taaka hana kosa lolote na hakuna mtu atakayegusa shamba lake nikiwa hai, na nikifa wamkumbushe Mzee Egesa kwamba nilisema.

Nikaitoa ile ya zamani nikaiweka juu ya koti, karibu na mpya.

Kuku walikuwa wakiparua majivu. Mtu mmoja nyuma alisema, "Yaani mwalimu?" kama anamuuliza jirani yake kama amesikia vizuri.

Taaka ndiye aliyenijibu. Hakupaza sauti.

"Mimi nilimwambia hicho kitu hakifanyi kazi, tukitupe. Akaniambia, kaka hawezi kunipelekea kitu kibaya. Kila asubuhi, Mwalimu. Anakitingisha na kusema hivyo."

Niliinama.

"Ungenipigia mimi," akasema. "Kama kumwambia yeye ilikushinda, ungeniambia mimi. 'Taaka, asitingishe.' Basi. Ningemshika mkono."

Nilitaka kuomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa tangu alfajiri, wenye mpangilio mzuri. Sikuutoa. Niliona ungekuwa wa kunifariji mimi.

Nafula alinyanyuka, akaenda kukaa chini kando ya Taaka, kwenye mkeka mmoja. Hakumtazama usoni. Akamfunika mabega kwa leso yake.

Mzee Egesa akauliza kama kuna neno jingine. Hakukuwa.

Jumatano, 16 Aprili

Nguo ziligawiwa asubuhi. Koti la marehemu humwendea ndugu yake, hiyo ni desturi. Wazee walisita. Wakamtazama Taaka.

Alilichukua yeye mwenyewe akaniletea garini. Alikuwa amelikunja bila kulipangusa. Juu yake aliweka ile dawa ya unga.

"Bado ina dawa ndani," akasema. "Na wewe unajua kuitumia."

Sikuweza kujua kama ni huruma au ni hukumu. Nafikiri hata yeye hakutaka nijue.

Tukaondoka. Ajiambo aliendesha gari mpaka tulipopita Busia. Kisha akasema, "Baba, ungeniambia mimi pia." Akaendelea kutazama barabara.

Jumatatu, 21 Aprili

Kopo la zamani, ambalo Ajiambo aliliokota siku ile uani, nimelitia kwenye maji. Limelala juu kabisa, kama jani. Limekwisha. Zile pumzi alizoniomba Bwire nimezimaliza mimi, nyingine kwenye matanga yake.

Daktari alikuja nyumbani. Maji yamejaa mapafuni. Amebadilisha vidonge. Amemwambia Ajiambo awaite watoto wa mbali. Safari hii hakushusha sauti.

Siogopi kama nilivyoogopa mwezi uliopita. Nimejiuliza kwa nini. Labda hofu yote niliitumia siku ile mezani, mbele ya zile mbili.

Nimemwambia Ajiambo jambo moja: nikifa, atakayesimama kueleza ugonjwa wangu aeleze na hili. Asinipambe.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua asubuhi. Malori machache leo, hewa ni safi kidogo. Sikuweza kwenda kanisani. Ajiambo alifungua dirisha.

Koti linaning'inia nyuma ya mlango. Alitaka kulipiga brashi. Nikamwambia aliache.

Saa ya Bwire kupiga simu ilifika, ikapita. Nilikuwa nimeiweka simu karibu na mto, kwa mazoea. Nilimpigia Taaka. Aliipokea. Nikamuuliza ameamkaje. Akasema ameamka. Nikamuuliza muhogo. Akasema wamepanda upande wa bondeni, hakuna mtu aliyemsumbua. Nikasikia kuku wake. Kisha akasema, "Haya, Mwalimu," na simu ikakatika.

Jioni nimeketi ukingoni mwa kitanda na dawa ya Bwire. Nimeifungua. Nimevuta kiwashio. Mkono wa kulia ulitaka kutikisa.

Niliushika kwa mkono wa kushoto mpaka ukatulia. Kisha nikavuta.